Kwa Nini Futiboli ya Vyuo Inawaka Moto Alabama na Kupoa Boston

Jumamosi ya vuli, mji wa Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska, huvaa nyekundu tangu alfajiri. Mechi inapoanza, watu zaidi ya 85,000 wamekwishaketi katika Memorial Stadium kuwaangalia wanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo lao, na kwa saa chache uwanja huo unakuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa Nebraska ukiacha Omaha na Lincoln wenyewe. Tiketi za mechi za nyumbani zimekuwa zikiisha zote tangu tarehe 3 Novemba 1962, mfululizo ambao sasa umepita mechi 400 na ambao haukukatika hata katika miaka ambayo timu ilifungwa nje ndani. Jumamosi hiyohiyo, kilomita zaidi ya 2,000 upande wa mashariki, mkazi wa Boston anaweza kumaliza siku nzima bila kujua kwamba Boston College walikuwa na mechi.

Nchi ni moja, mchezo ni mmoja na sheria za uwanjani ni zilezile. Ukiwauliza Wamarekani wenyewe, wengi watakutajia tabia: kwamba watu wa Kusini wana damu ya moto, watu wa miji mikubwa ya Kaskazini-mashariki wana shughuli nyingi, na watu wa California wana bahari. Majibu hayo yanapendeza kuyasikia lakini hayaelezi chochote, kwa sababu futiboli ya vyuo ilizaliwa hukohuko Kaskazini-mashariki, na kwa karibu nusu karne ndiko ilikokuwa na nguvu kuliko kwingine kote. Kama sababu ni tabia, basi tabia hiyo ilihama. Ninavyoona mimi, ramani ya mapenzi haya imechorwa na historia: nani alifika mjini kwanza, timu ya chuo au klabu ya kulipwa, chuo chenyewe ni cha nani, na ushindi uwanjani ulibeba uzito gani kwa watu waliokuwa wakiungoja.

Kabla ya kuendelea, maneno yawekwe sawa. Katika makala haya futiboli ni mchezo wa Kimarekani unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kurushwa, na soka itabaki soka. Mchezo huo una ngazi tatu ambazo zimegawana siku za wiki. Shule za sekondari hucheza Ijumaa usiku, vyuo Jumamosi, na ligi ya kulipwa, NFL, Jumapili. Mgawanyo huo ulianza kama mazoea, kisha ukapata kinga ya kisheria: mwaka 1961 Bunge la Marekani liliiruhusu ligi ya kulipwa kuuza haki za televisheni kwa pamoja, lakini likaibana isirushe mechi zake Ijumaa usiku na Jumamosi katika miezi mikuu ya msimu. Jumamosi ya vyuo, kwa hiyo, ni siku iliyozungushiwa uzio. Wachezaji wa vyuo ni wanafunzi, angalau kwenye daftari la usajili, na vyuo vyenyewe vimejipanga katika ligi ambazo kwa miaka mingi zilifuata jiografia: SEC kwa Kusini-mashariki, Big Ten kwa majimbo ya katikati yanayozunguka Maziwa Makuu ya kule, na ile iliyokuja kuitwa Pac-12 kwa pwani ya Pasifiki.

Mechi ya kwanza baina ya vyuo viwili ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 katika mji wa New Brunswick, New Jersey, Rutgers wakiwashinda Princeton 6 kwa 4, ingawa mchezo wa siku ile ulikuwa karibu zaidi na soka kuliko futiboli ya leo. Sura tunayoijua ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Walter Camp wa Yale katika miaka ya 1880. Harvard walijenga uwanja wa zege mwaka 1903, na Yale wakafungua wao mwaka 1914 ukiwa na nafasi za watu wapatao 70,000. Vijana walipokuwa wakifa uwanjani kwa sababu ya ukatili wa mchezo, Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu, mwaka 1905, wawakilishi wa vyuo vitatu tu: Harvard, Yale na Princeton. Aliwaita hao kwa sababu wakati ule mchezo ulikuwa mali yao, na walichokubaliana wao ndicho nchi nzima ingefuata.

Sasa tuulize vyuo hivyo vilikuwa vya nani. Vilikuwa vyuo vya binafsi, vya watoto wa familia zenye uwezo, waliotoka majimbo mbalimbali na kutawanyika tena baada ya kuhitimu. Fundi wa viatu wa Boston au kuli wa bandari ya New York angeweza kwenda kutazama mechi, lakini chuo hakikuwa chake na wala hakikukusudiwa kuwa chake. Klabu za kulipwa zilipokuja, besiboli kwanza, kisha mpira wa magongo wa barafuni, mpira wa kikapu na futiboli, ndizo zilizobeba jina la mji. Boston ina Red Sox, Celtics, Bruins na Patriots. Mtu wa Boston amezaliwa ndani ya hizo nne, na moyo wa shabiki nao una nafasi yenye mipaka. Vyuo vyenyewe, kwa upande wao, vilichagua kurudi nyuma. Mwaka 1954 vile vinane vinavyoitwa Ivy League vilikubaliana kutotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, na kufikia 1982 vilikuwa vimeshushwa kutoka daraja la juu kabisa. Fordham ya New York, ambako Vince Lombardi alicheza katika miaka ya 1930 kabla ya kuwa kocha mashuhuri wa ligi ya kulipwa, ilifunga timu yake mwaka huohuo wa 1954. Huko Chicago, chuo kikuu kilichokuwa mwanachama mwanzilishi wa Big Ten, na ambacho mchezaji wake Jay Berwanger ndiye wa kwanza kupewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1935, kiliacha futiboli ya ushindani mwaka 1939 kwa kuona kwamba haiendani na kazi ya elimu. Miaka mitatu baadaye, chini ya majukwaa ya uwanja uleule uliobaki mtupu, wanasayansi walifanikisha mmenyuko mfululizo wa kwanza wa nyuklia unaojiendesha wenyewe. Chuo hicho kilijua kinachokitaka, na mji haukulia, kwa sababu ulikuwa na Bears, klabu yake ya kulipwa.

Geuza sasa upande wa pili. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Marekani ilipitisha sheria ya Morrill iliyoyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Kutokana na sheria hiyo, na nyingine zilizofuata, yalizaliwa au kukua matawi ya elimu ambayo mkulima aliyaona kuwa yake: chuo kilichofundisha walimu wa watoto wake na madaktari wa mifugo yake, kilichotuma maafisa ugani shambani kwake, na ambacho kodi yake ilikiendesha. Katika jimbo kama Nebraska, lenye watu wapatao milioni mbili waliotawanyika kwenye mashamba ya mahindi, na lisilo na klabu hata moja ya kulipwa ya ngazi ya juu, timu ya chuo kikuu ndiyo kitu pekee ambacho jimbo zima linaweza kukisimamia kwa pamoja. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la chuo husema "sisi" anapoizungumzia timu. Mapenzi hayo yamevuka hata mchezo wenyewe: tarehe 30 Agosti 2023 watu 92,003 waliingia katika uwanja huohuo wa Lincoln kuwaangalia wasichana wa chuo wakicheza mpira wa wavu. Kinachopendwa pale ni Nebraska yenyewe.

Ligi ya kulipwa ilianzishwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio, ikiwa na timu za miji midogo ya viwanda, na kwa miaka mingi ilidharauliwa kama kazi ya watu wa vibarua. Nyota halisi walikuwa wa vyuoni. Red Grange wa Illinois, aliyefunga mara nne ndani ya dakika 12 za mwanzo dhidi ya Michigan mwezi Oktoba 1924, alipojiunga na Chicago Bears mwaka uliofuata, alikuwa anaipelekea ligi heshima ambayo haikuwa nayo. NFL ilikuja kuwa kubwa kwa msaada wa televisheni, hasa baada ya fainali ya 1958 kati ya Baltimore na New York. Lakini ilikua katika miji mikubwa ya Kaskazini, kisha ikarukia California. Hadi 1960, ukiacha majaribio machache yaliyokufa haraka, kama lile la Dallas la mwaka 1952 lililodumu msimu mmoja, majimbo ya Kusini yaliyo chini ya Washington hayakuwa na klabu ya NFL. Atlanta na Miami zilipata timu za kulipwa mwaka 1966, New Orleans 1967; eneo la Carolina lilingoja hadi 1995. Alabama, Mississippi, Arkansas na South Carolina hazina klabu ya kulipwa ya ngazi ya juu mpaka leo, katika mchezo wowote. Klabu hizo zilipofika Kusini zilikuta kiti kimekaliwa, tena na vizazi vitatu.

Hata hivyo, kukosekana kwa mshindani hakutoshi kueleza moto wa Kusini. Wyoming nayo haina klabu ya kulipwa, na watu wake wanaipenda timu ya chuo chao, lakini hawaipendi kwa namna ile ya Alabama. Kusini kulikuwa na kitu kingine, nacho kilianza kuonekana tarehe 1 Januari 1926. Siku hiyo Chuo Kikuu cha Alabama kilicheza na Washington katika Rose Bowl, huko Pasadena, California, mechi iliyokuwa kilele cha msimu mzima. Alabama walialikwa baada ya vyuo vya Mashariki kukataa, na wachambuzi wa nje hawakuwapa nafasi. Wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 12 kwa 0, wakafunga pointi 20 katika robo ya tatu, na wakashinda 20 kwa 19. Treni yao ilipokuwa ikirudi nyumbani ilipokewa na umati kwenye vituo vya majimbo ambayo hayakuwa hata ya Alabama. Kwa watu weupe wa Kusini, ambao babu zao walishindwa vita mwaka 1865 na ambao tangu hapo walikuwa wakisomwa magazetini kama watu maskini, wajinga na waliobaki nyuma, hilo lilikuwa jambo la kwanza kubwa walilolishinda mbele ya nchi nzima. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkazi wa New York hakuhitaji timu ya chuo imthibitishie kwamba mahali pake pana thamani. Alabama ilihitaji.

Lakini heshima iliyorudishwa hivyo ilikuwa ya watu weupe peke yao, na makala yoyote yanayousifu ushabiki wa Kusini bila kulisema hilo yanadanganya. Sheria za ubaguzi ziliwazuia Waamerika weusi kusoma katika vyuo hivyo, sembuse kuvichezea. Mwishoni mwa 1955 gavana wa Georgia, Marvin Griffin, alitaka Georgia Tech wazuiwe kwenda kucheza na Pittsburgh katika mechi ya Sugar Bowl huko New Orleans kwa sababu Pittsburgh walikuwa na mchezaji mweusi, Bobby Grier. Wanafunzi wa Georgia Tech, chuo ambacho wakati huo kilikuwa cha weupe watupu, waliandamana usiku na kuichoma sanamu ya gavana, na mechi ikachezwa. Sisemi kwamba waliandamana kwa ajili ya haki. Wengi wao waliandamana kwa ajili ya mechi. Kwamba futiboli iliweza kuwafanya vijana wa Georgia wamkabili gavana wao kunaonyesha nguvu yake, na kunaonyesha pia udogo wa mengine yote machoni pao. Miaka michache baadaye nguvu hiyohiyo ilitumika kinyume. Tarehe 29 Septemba 1962, wakati wa mapumziko ya mechi kati ya Mississippi na Kentucky mjini Jackson, gavana Ross Barnett alisimama katikati ya uwanja na kuutangazia umati uliokuwa ukipeperusha bendera za majimbo yaliyojitenga kwamba anaipenda Mississippi, watu wake na desturi zake. Kila mmoja pale alijua anazungumzia nini. Usiku uliofuata ghasia zilizuka katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, kumpinga James Meredith, mwanafunzi mweusi wa kwanza, na watu wawili wakauawa.

Milango ilifunguka polepole. Nate Northington wa Kentucky alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza futiboli katika SEC, mwaka 1967. Mara nyingi husimuliwa kwamba kila kitu kilibadilika tarehe 12 Septemba 1970, pale USC ya California, ikiongozwa na Sam Cunningham, kijana mweusi mwenye nguvu za ajabu, ilipoifunga Alabama 42 kwa 21 mjini Birmingham. Hadithi hiyo ni tamu lakini imevutwa kuliko kimo chake: Alabama tayari walikuwa wamemsajili Wilbur Jackson, ambaye siku ile alikuwa jukwaani kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza. Kilicho kweli ni kwamba tangu hapo ushabiki wa Kusini umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya miili ya vijana weusi, na swali la nani anafaidika na jasho lao halijaisha hadi leo.

Wakati milango hiyo imefungwa, Waamerika weusi walikuwa na Kusini yao ndani ya Kusini. Vyuo vya watu weusi kama Grambling, Southern, Florida A&M na Jackson State vilijenga ushabiki wao, wenye sherehe ambazo vyuo vingine havikuweza kuzifikia. Kocha Eddie Robinson alishinda mechi 408 akiwa Grambling, chuo kidogo cha Louisiana kilichoipelekea ligi ya kulipwa wachezaji wengi kupita kiasi cha ukubwa wake. Kila mwisho wa Novemba, Grambling na Southern hukutana New Orleans, na kwa wengi wa wanaosafiri kwenda huko bendi za matarumbeta zinazopambana wakati wa mapumziko ni sababu tosha ya safari. Anayetazama takwimu za ligi kubwa tu hawezi kuliona hili, na ndiyo maana ramani nyingi za ushabiki wa Marekani zina tundu.

Ndani ya majimbo ya Kusini, mapenzi haya hayako nje ya maisha ya kila siku. Huko Alabama mtoto huulizwa mapema upande wake ni upi, Alabama au Auburn, na jibu la kwamba hana upande halikubaliki. Watani hao wa jadi waligombana kuhusu posho za wachezaji na waamuzi baada ya mechi ya 1907 na hawakucheza tena hadi 1948. Mwaka 2013 zilikuwa zimefungana 28 kwa 28, ikiwa imebaki sekunde moja; Alabama wakajaribu kupiga mpira upite golini kutoka mbali, ukapungukiwa, Chris Davis wa Auburn akaudaka nyuma kabisa na kukimbia nao urefu wote wa uwanja, na watu wa Alabama wote wanajua walikuwa wameketi wapi dakika ile. Upande wenye giza upo pia: mwishoni mwa 2010 shabiki mmoja wa Alabama aliimwagia sumu mialoni miwili mikongwe ambayo watu wa Auburn huipamba kwa karatasi baada ya kila ushindi, na miti hiyo ikafa. Kocha Bear Bryant, aliyeipa Alabama ubingwa wa taifa mara sita, alipofariki Januari 1983, wiki chache tu baada ya mechi yake ya mwisho, watu walisimama kando ya barabara kati ya Tuscaloosa na Birmingham, kilomita zipatazo 90, kuupungia msafara wa maziko. Wapangaji wa harusi huangalia ratiba ya mechi kwanza. Huko Oxford, Mississippi, familia hutandika vitambaa vyeupe na kutundika taa za vioo ndani ya mahema chini ya miti, saa nyingi kabla ya mchezo, na kuna wanaokula, kunywa, kusalimiana na kurudi nyumbani bila kuingia uwanjani. Kwa wengi, chuo ndipo mahali ambapo ukoo hukutana.

Majimbo ya katikati yanaivuruga nadharia rahisi, na ni vizuri yaivuruge. Michigan ina klabu za kulipwa Detroit. Ohio ina Cleveland na Cincinnati. Wisconsin ina Green Bay Packers, inayopendwa kama mtoto. Pamoja na hayo, uwanja wa Michigan mjini Ann Arbor una nafasi 107,601, na tangu Novemba 1975, ukiacha msimu wa UVIKO-19 wa mwaka 2020, hakuna mechi ya nyumbani iliyowahi kuwa na watu chini ya 100,000. Hakuna uwanja wa NFL wenye viti vya kudumu vinavyofikia idadi hiyo. Ninaona maelezo mawili. Kwanza, vyuo hivi ni vya umma na ni vikubwa mno: Michigan na Ohio State kila kimoja kina wahitimu zaidi ya nusu milioni walio hai, wengi wakiishi humohumo jimboni au jirani. Pili, viko mbali kidogo na miji yenye klabu za NFL. Columbus, mji mkubwa wenye Ohio State, hauna timu ya NFL hata leo, na shabiki wa Cleveland na yule wa Cincinnati, ambao Jumapili hawapatani, hukutana Columbus Jumamosi. Pale Jumamosi na Jumapili hazikunyang'anyana watu, ziligawana.

Notre Dame ni kisa cha pekee, kwa sababu ushabiki wake haukufuata ramani ya ardhi kabisa. Chuo hicho cha Kikatoliki kiko Indiana, lakini chini ya kocha Knute Rockne, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1931, kilisafiri kucheza kila kona ya nchi, na wahamiaji wa Kiayalandi, Kiitalia na Kipolandi waliodharauliwa mijini kwa ajili ya dini yao wakakifanya chao. New York waliitwa wahitimu wa treni za chini ya ardhi, kwa kuwa njia pekee waliyoijua ya kufika kwenye chuo chao ilikuwa treni ya kuelekea Yankee Stadium siku Notre Dame walipokuja kucheza na Army, timu ya chuo cha kijeshi. Huko Utah, Chuo Kikuu cha Brigham Young, mali ya kanisa la Wamormoni, kilipata ubingwa wa taifa mwaka 1984 na kina wafuasi popote waumini walipo. Watu waliohisi wametengwa walipata timu ya kuwasemea. Kisa ni kilekile cha Alabama, kwa lugha nyingine.

Texas sitaikawilia, kwa kuwa inabeba kila kitu kwa pamoja: vyuo vya umma vikubwa, klabu tajiri za kulipwa, na futiboli ya sekondari yenye uzito ambao mgeni huushangaa, kiasi kwamba mji wa Allen ulifungua mwaka 2012 uwanja wa shule wenye nafasi 18,000 uliogharimu dola milioni 60. Linalostahili kutajwa zaidi ni kwamba Kusini yenyewe si kitu kimoja. North Carolina na Kentucky ziko Kusini kwa kila kipimo, lakini huko mapenzi makubwa ya vyuo yako kwenye mpira wa kikapu. Mshabiki wa Kentucky ana hamu ileile, fahari ileile na kumbukumbu zilezile za ukoo. Ni mpira tu uliobadilika.

Pwani ya Pasifiki ndiko lawama za ubaridi hutupwa zaidi, na sehemu yake ni haki. Rams wa NFL walihamia Los Angeles mwaka 1946, Dodgers wa besiboli mwaka 1958, Lakers wa mpira wa kikapu mwaka 1960, na mamilioni ya wakazi wa California walikuja wakubwa kutoka majimbo mengine, wakiwa na timu zao mizigoni. Saa nazo haziko upande wao: mechi inayoanza saa moja na nusu usiku Los Angeles inaanza saa nne na nusu usiku New York, wakati wapiga kura wa orodha za timu bora wanapanda kitandani. Lakini Los Angeles haikuwa na klabu ya NFL kuanzia 1995 hadi 2015, na katika sehemu ya kipindi hicho USC ya kocha Pete Carroll ilijaza Coliseum kwa umati ambao Alabama wasingeuonea haya. Nafasi ilipopatikana, mapenzi yaliingia.

Kwa miongo mingi tofauti hizi zilikuwa jambo la fahari tu, kwa sababu chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilidhibiti mechi zipi zionyeshwe kwenye televisheni na kiligawa nafasi hizo kwa uchache. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia, iliamua kwamba udhibiti huo ulivunja sheria za ushindani. Tangu hapo ligi zikaanza kuuza mechi zao zenyewe, na ushabiki wa eneo ukageuka kuwa mtaji. Waliowaka moto walilipwa zaidi, wakaajiri makocha ghali zaidi, wakawavuta vijana bora, na SEC ikachukua ubingwa wa taifa mara saba mfululizo kuanzia msimu wa 2006 hadi wa 2012. Moto ukazaa kuni zake. Kisha fedha zikaanza kuivunja ramani yenyewe iliyozizaa. Mwaka 2022 USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, zilitangaza kuihama Pac-12 na kwenda Big Ten. Mwaka uliofuata zikatangaza kuondoka Oregon, Washington, Arizona, Arizona State, Utah, Colorado, Stanford na California, na ligi iliyoanza mwaka 1915 ikabaki na vyuo viwili.

Vyuo hivyo viwili ni Oregon State na Washington State, na kuachwa kwao kunaonyesha jinsi neno "Magharibi" lisivyotosha kueleza ushabiki. Washington State iko Pullman, mji mdogo kwenye vilima vya ngano, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Seattle. Uwanja wake unachukua watu wapatao 33,000, karibu sawa na wakazi wote wa mji. Hakuna klabu ya kulipwa karibu, chuo ni cha umma, na watoto wa wakulima wa eneo lile wamekisomea kwa vizazi. Kila sharti lililoiwasha Nebraska liko pale, ila watazamaji wa televisheni ni wachache. Mechi yao na Washington ya Seattle, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1900, kwa kawaida ilikuwa ya kufunga msimu mwishoni mwa Novemba. Mwaka 2024, kwa kuwa watani hao hawakuwa tena ligi moja, ilisogezwa hadi tarehe 14 Septemba na kuchezwa katika uwanja wa klabu ya NFL ya Seattle. Washington State walishinda 24 kwa 19, wakiwa wameuzuia mpira wa mwisho karibu kabisa na mstari wa goli.